Mimi Sina Neno Nawe, Ila Watu

Bi mwenye nyumba alikuja mwenyewe, na sahani ya visheti mkononi. Ilikuwa Jumapili baada ya alasiri, Novemba 2018, na sahani imefunikwa kawa jipya lenye mistari ya zambarau. Nikajua kuna jambo. Miaka minne niliyopanga kwake hapa mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, chakula kilikuwa kikiletwa na wajukuu. Hakutaka kuingia ndani. Alikaa kizingitini, akavua kandambili moja, nyengine akaiacha mguuni, kama mtu asiyejua atakaa au ataondoka.

"Mwanangu," akasema, "mimi sina neno nawe. Ila watu."

Sikumuuliza watu gani. Mwishoni mwa Oktoba mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule alikuwa ametangaza kuwa anaunda kamati ya kuwasaka mashoga, akawataka wananchi wampelekee majina. Serikali ikatoa tamko kwamba yale ni maoni yake binafsi, si msimamo wa nchi. Tamko likawafikia wanaosoma matamko. La kusakwa lilimfikia kila mtu, mpaka watoto wa chuo cha Kurani. Siku chache baadaye, huku kwetu, wanaume 10 wakakamatwa ufukweni Pongwe baada ya raia kuwapigia simu polisi. Na Pongwe si mbali. Kisiwa chenyewe hiki unakizunguka kwa siku moja na jua bado liko juu.

Nilikuwa nimelipa kodi ya miezi sita, mitatu bado sijaikaa. "Iliyobaki nitakurejeshea," akasema, "Mungu akipenda." Mpaka leo bado hajapenda.

Visheti nilivila vyote. Vilikuwa vizuri, iliki imekolea. Nalisema hili kwa sababu mtu akisikia neno ubaguzi hufikiri mawe na marungu, na mawe nimeyaona, sikatai. Lakini ubaguzi ninaoujua mimi Zanzibar una adabu zake. Unabisha hodi, unauliza hali ya mama Pemba, halafu unakwambia utoke. Na ukitaka kujua umetoka kwa nani, kila unayemuuliza hana neno nawe. Wenye neno ni watu.

Mimi ni Mpemba, mzaliwa wa Wete, mwaka 1987. Msimu wa karafuu kwetu hakuna asiye na kazi. Wanaume na watoto wa kiume hupanda mikarafuu na kuchuma. Wanawake na watoto wa kike hukaa chini kwenye jamvi na kuchambua, karafuu huku, makonyo kule. Mimi mahali pangu palikuwa jamvini. Hakuna aliyeniweka, nilikwenda mwenyewe. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi kuliko vya dada zangu, na hadithi za jamvini zilikuwa tamu. Nilikuwa najua nani kaachwa na nani kaposwa kabla ya wenyewe.

Mwaka niliotimiza miaka kumi, ami yangu alisimama ukingoni mwa jamvi akanitazama kwa muda. "Mpandisheni mti huyu," akamwambia baba, "kabla hajaharibika." Nikapandishwa. Tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika, kila Mpemba anajua, na anayejua kupanda anajua pa kuweka mguu. Mimi sikuwa najua. Mkono wa kushoto mpaka leo haunyooki sawasawa kwenye kifundo. Ami alikuja kunitazama na mkungu wa ndizi, akanipa pole nyingi, akasema yeye hana neno na mimi ila anaogopa watu watamcheka kaka yake. Nadhani hapo ndipo nilipolisikia kwanza.

Nilipotimia kumi na sita, mama alinipandisha boti Mkoani, nikaja Unguja kwa shangazi, fundi cherehani. Alinitazama mara moja tu, tangu kichwa mpaka miguu. "Unajua kutia uzi sindano?" Najua. "Basi kaa."

Kwa shangazi ndipo nilipolisikia neno shoga likitumika asubuhi mpaka jioni bila ya mtu kuumia. Wateja wake walikuwa wanawake, na wanawake wa hapa huitana hivyo: shoga njoo, shoga usinifanyie hivyo, huyu ni shoga yangu wa tangu skuli. Neno la mapenzi kabisa. Nikitoka nje na kitambaa mkononi kupeleka kwa mteja, neno lile lile likinifuata kutoka barazani, limebadilika sura. Nilikuwa nikifikiria njiani: herufi ni zile zile tano. Yapo mengine, hanithi, msenge, na ya kisasa yaliyokuja na boti kutoka Dar, lakini hayo hayakuniuma kama hili, kwa sababu hayakuwa na upande wa pili.

Mwaka 2004 tulisikia redioni, tunashona, kwamba Baraza la Wawakilishi limepitisha marekebisho ya sheria ya jinai. Adhabu imeongezwa, na safari hii na wanawake wametajwa. Shangazi alinyoosha mkono akapunguza sauti ya redio, akarudisha mguu kwenye pedali. Hatukuzungumza. Ila usiku ule aliniambia, kwa mara ya kwanza, nisichelewe kurudi.

Sheria imeandikwa upya mwaka 2018, na kwa wanaume kifungo kinafika miaka 14. Bara ndiyo usiseme, kuanzia 30 mpaka maisha. Maneno yenyewe, "kinyume cha maumbile", wengine huyadhani ni ya vitabu vya dini yetu. Yalikuja na Waingereza, wameyatoa kwenye sheria waliyoiandikia India mwaka 1860. Wao kwao Uingereza walianza kuiacha adhabu hiyo mwaka 1967. Nimewahi kulisema hili barazani, siku nilipokuwa na ujasiri wa kijinga. Mzee mmoja akanijibu, "Basi tushukuru, kuna kitu kizuri walituachia." Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Lilikuwa jibu zuri, haki ya Mungu.

Mkate wangu umetoka kwenye harusi. Nilianza kushona magauni na shangazi, kisha nikaingia kwenye mapambo: kupamba kumbi, kiti cha bibi harusi, maua, vitambaa vya darini. Ni kazi ambayo watu kama mimi wamekuwa wakiifanya mjini hapa tangu zamani, pamoja na upishi na kucheza ngoma. Kwenye ngoma ya kidumbak na kwenye ngoma ya pepo ya kibuki huwakosi. Ukumbi wa wanawake mwanamme haingii, lakini mimi naingia. Bibi harusi anasingwa, wenzake wamevua mabaibui, nywele wazi, na nikipita na ngazi yangu hakuna anayevuta mtandio. Ni heshima kwa namna yake, na nimeifurahia, sitasema uongo. Kuna vicheko vya mle ndani ambavyo mume wa mtu hatavisikia maishani mwake. Ila nilikuwa nikitoka nje na kujiuliza: ukumbini mimi si mwanamme, mtandio haujifungi kwa ajili yangu, mahakamani je? Huko ni mwanamme kamili, wa kifungo cha miaka 14.

Na kuna mwanamme mwengine ambaye hana jina. Shoga anaitwa shoga. Yule anayemgongea dirisha saa sita za usiku anaitwa mume wa fulani, baba wa watoto wanne, mchezaji bao hodari. Neno basha lipo, lakini halimwangukii mtu kama jiwe. Wengine hulibeba kama nishani. Mwaka 2007 rafiki yangu alinipa kuponi, kikaratasi tu, akaniambia nenda kuna watafiti, watakuuliza maswali na watakupima damu, hawatakuuliza jina. Nikaenda. Matokeo yao, tulivyokuja kuyasikia, ni kwamba karibu asilimia 12 ya wanaume waliopimwa walikuwa na virusi vya UKIMWI, wakati Zanzibar nzima haifiki asilimia 1. Mimi nilitoka salama. Lakini nilikaa na hesabu ile kichwani, nikawafikiria wake wa wale waume, wanawake ninaowashonea, wanaoniita shoga kwa mapenzi. Sheria haikumlinda hata mmoja wao.

Rafiki yangu huyo wa kuponi alikuwa mpishi. Biriani yake ilikuwa inatafutwa mpaka Bububu. Mwaka 2013 alipata maradhi sehemu za siri, ya nyuma, akavumilia, akavumilia, mwisho akaenda hospitali moja hapa mjini. Daktari kijana akampima, akatoka bila ya kusema kitu, akarudi na wenzake wanne. Hawakumwambia ni nani. Mmoja alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Rafiki yangu aliponihadithia, hakusita kwenye mengine, alisita kwenye kikombe. "Alikunywa," akaniambia. "Ananitazama na anakunywa." Akaambiwa dawa atapewa akimleta mwenza wake. Angemleta nani, mume wa fulani?

Hakurudi tena. Na kwa kuwa hakurudi kwa lile, hakurudi hata alipoanza kukohoa. Nilikuwa nikimpelekea uji na dawa za kununua dukani, naye ananiambia kifua tu hiki, baridi ya kipupwe. Mwaka uliofuata alifariki. Ukiniuliza kilichomuua nitakwambia kifua, kama ilivyosemwa msibani. Moyoni nasema kile kikombe.

Maziko yake ndiyo yaliyonifundisha mji huu kuliko yote. Tuna desturi yetu ya jeneza, na ni desturi nzuri: linapopita, kila aliye barazani huinuka, hutia bega hatua chache, humwachia mwengine, na jeneza linakwenda mbio kama linaelea. Nilitegemea watakaa. Nilishajiandaa kwa hilo, nimekwishawatukana rohoni kabla ya wakati. Kumbe walijaa. Njia nzima. Nilimwona aliyewahi kumwagia maji ya dagaa akitoka sokoni, katia bega, anasema La ilaha illa Llah na jasho linamtoka. Nilimwona mwenye nyumba aliyemtoa chumbani usiku wa mvua. Na yule mume wa fulani alikuwepo, akachukua hatua zake kama wote, akamwachia mwengine, uso mkavu.

Nilikasirika kuliko siku yoyote. Kama wangekaa, ningejua nina maadui. Hawa walimbeba vizuri, kwa heshima, kwa sababu sasa amesitirika, ameingia ndani ya sanda, hana tena la kuwaaibisha. Sitara ndiyo dini ya pili ya mji huu. Jambo likifichika halipo, na mwenye kulifichua ndiye mkosa. Nimeishi kwa sitara hiyo na imenifaa mara nyingi. Bila ya hiyo ningekuwa nimeshakufa. Lakini gharama yake tunalipa sisi peke yetu, na wanaositiriwa ni wao.

Nilitaka kuingia kumuosha. Nikaambiwa wapo wenyewe.

Siku ya tatu ya matanga, shangazi aliivaa doti ya khanga aliyoinunua zamani na hakuwahi kuikata. Jina lake: Mso hili ana lile, yaani asiye na hili ana lile. Akatandika mkeka karibu na mlango, akakaa kwa namna ambayo kila anayeingia na kila anayetoka lazima asome. Tasbihi mkononi, macho chini. Hakusema neno mpaka magharibi. Nilisikia wanawake wawili wakinong'ona, kisha wakanyamaza, kisha mmoja akahama upande. Shangazi naye sasa ni marehemu. Ile doti ninayo mimi.

Sitaki isomeke kama kwamba wanawake wenzetu wana nafuu. Ninamjua mmoja, nilimshonea gauni la harusi asilolitaka. Nyumbani walimkuta na barua za mwenzake, posa ikatafutwa ndani ya wiki mbili, kwa binamu. Nilimchukua vipimo naye ananitazama kwenye kioo. "Libane," akaniambia, "nisiweze kupumua, pengine nitaanguka." Nililiacha wasaa inchi moja bila ya kumwambia. Ana watoto watatu sasa. Tukikutana Darajani tunasalimiana kwa urefu, tunauliza mpaka hali za kuku.

Dini sitaibishania hapa, walionizidi elimu ni wengi. Nasali, nafunga. Khutba ya kaumu Lut nimeisikia mara nyingi nikiwa safu ya nyuma, na mara moja imamu alipofika mahali fulani vichwa kama sita viligeuka kunitazama, kama vimefungwa uzi mmoja. Tangu hapo Ijumaa nasali msikiti wa mbali, ambao hawanijui. Hiyo nayo ni nauli, kwenda na kurudi.

Kuna jengo Shangani ambalo papasi huwapeleka watalii wakapige picha, wakiwaambia hapa ndipo alipokulia Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, mtoto wa Zanzibar, na tangu 2019 pana na makumbusho yake, kwa tiketi. Alizaliwa hapa mwaka 1946, Farrokh Bulsara, ni kweli kabisa. Mwaka 2006 ilipangwa sherehe ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ikapinga kwa sababu ya maisha yake, sherehe ikafa. Papasi mmoja ninayemjua, mwenye kumsifu mbele ya Wazungu mpaka machozi, akiniona mimi hutema mate pembeni. Nilimwambia siku moja, na mimi nikifa nifanyie tiketi.

Turudi 2018. Kutolewa chumba si kubeba godoro tu. Hapa ukihamia shehia nyengine, sheha wa huko, yaani mkuu wa mtaa, anataka barua ya sheha wa ulikotoka, na bila ya barua ya sheha huna unalolipata: kitambulisho, pasipoti, hata dhamana ya jamaa yako. Sheha wangu alinikaribisha vizuri, akafungua daftari, akafunga. Hana neno nami. Ila akiandika kuwa nina tabia njema, na kule wakaja kusikia, watu watasemaje? Nikarudi mara ya pili, ya tatu. Mara ya nne aliandika mstari mmoja, kwamba mtajwa alikuwa mkaazi wa shehia hii. Tabia hakuitaja, si njema si mbaya. Nikaichukua hivyo hivyo.

Wakati huo huo kijana mmoja tuliyekuwa tukizungumza kwenye simu akanitumia mazungumzo yetu yote, ameyapiga picha, na namba ya kumtumia pesa. Nikampa laki mbili. Wiki ya pili akataka laki tatu. Wanaonisoma na wako mahali nilipokuwa, hili mlishike: ile ya kwanza haimalizi, inamfundisha njia tu. Nilibadilisha namba, nikafuta kila kitu, na kwa miezi minane sikuzungumza na mtu yeyote ila wateja. Polisi nisingeweza kwenda. Septemba 2017 watu 20, wanawake 12 na wanaume 8, walikamatwa hotelini hapa Unguja wakiwa kwenye mafunzo ya UKIMWI. Ndiyo mimi niende mwenyewe kituoni na simu yangu mkononi? Hata kliniki watu waliacha kwenda. Mapema mwaka ule Bara walizuia huduma za UKIMWI kwa watu kama sisi kwenye vituo 40. Afya si jambo la Muungano, lakini hofu haikati tiketi ya boti.

Nilipata chumba nje ya mji. Kodi nalipa mwezi kwa mwezi, ingawa wenye nyumba hawapendi. Vitu vyangu vinaingia kwenye gari moja ndogo, nimevipima. Sahani ya visheti ilikuwa mojawapo. Niliikuta ndani ya beseni nilipokuwa nafungua mizigo, ya bati, ya maua mekundu, pembeni imebanduka rangi kidogo. Nikaiweka juu ya kabati. Shangazi alinilea kwamba sahani ya mtu hairudi tupu, na mimi wakati ule sikuwa na cha kuitilia.

Mwaka 2021 simu ikaita. Sauti niliijua kabla hajajitaja. Mjukuu wake mkubwa anaolewa, wameulizia mpambaji, kila anayeulizwa anamtaja mimi. "Mwanangu," akasema, "usininyime."

Nilimtajia laki nane, nusu kwanza. Hakupunguza hata shilingi, nikajua naye hesabu ya ile kodi anayo. Siku ya kupamba nilifika baada ya asubuhi, vijana wangu wanashusha vitambaa, nyumba imejaa wanawake na moshi wa udi. Nikaingia moja kwa moja ukumbini alipokaa, nikamwekea mbele ile sahani, nimeitia tende, nimeifunika kwa leso. Akaifunua. Akaigeuza kidogo, akapitisha kidole pale pembeni palipobanduka.

"Kumbe unayo wewe," akasema. "Nimeitafuta sahani hii." Kisha akatazama huku na huku, kama kuna kingine nilichokisahau nje. "Na kawa lake je?"

Nikamwambia kawa lililiwa na panya, nikaenda kupanda ngazi.